Risasi ya 375 na usalama wa wananchi

Tembo au nyati anapovamia mashamba, silaha inayofaa kwa askari wa wanyamapori ni bunduki ya 375. Risasi yake ilitolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912, na wawindaji wakaieneza Afrika Mashariki. Kipenyo chake ni milimita 9.5; kichwa chake huweza kufikia gramu 19. Humwangusha nyati, na huruka kwa kunyooka kiasi cha kumpata kongoni aliye mbali. Hivyo bunduki moja hutosha kwa kazi nyingi.

Hata hivyo, risasi iliyomkosa mnyama huenda kilomita kadhaa, na mnyama aliyejeruhiwa huwa mkali zaidi. Wananchi watoe taarifa kwa Mtendaji, kisha wakae mbali hadi askari watakapowaruhusu kurejea.