Je, Wajua? Kikao cha kuacha pombe hakina kiingilio

Vikao vya watu wanaosaidiana kuacha pombe vilianza Akron, Marekani, mwaka 1935, pale Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wakiwa waathirika wa ulevi, walipoamua kushikana mkono. Kundi lao, Alcoholics Anonymous, sasa limeenea duniani, Tanzania ikiwamo. Halitozi ada wala halidai jina kamili; sharti ni nia ya kuacha kunywa.

Mkazi wa Soga, wilayani Kibaha, anayetaka kuacha pombe anaweza kuanza kwa kuuliza zahanati iliyo karibu au Hospitali ya Tumbi, Kibaha. Aliyekunywa sana kwa muda mrefu asiache ghafla bila kumwona daktari: anaweza kupata degedege, hata kufa. Ndugu, msindikize mgonjwa wako, usimcheke.