UZI: Ukiumia kazini chuoni, nani analipa?

1/ Kila msimu wa siasa hoja hii hurudi. Mmoja jukwaani anasema kila mfanyakazi aliyeumia atalipwa. Mwingine anajibu kwamba fidia inamaliza waajiri. Tunapiga makofi, tunaenda nyumbani. Hapa sitaji mtu wala chama. Nataka tuone sheria yenyewe inasema nini.

2/ Natumia chuo kikuu kama mfano kwa sababu wengi hudhani chuo ni vitabu tu. Huku kwetu Makindu tuko karibu na kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Kibwezi. Kitui kuna SEKU, Kwa Vonza. Chuo kina mashamba, pampu, jikoni, maabara, madereva na mafundi wa stima. Watu huumia.

3/ Sheria ni ile ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya 2007, maarufu kama WIBA. Ilianza kutumika Juni 2008. Inambana hata serikali ikiwa mwajiri. Jeshi ndilo limewekwa kando.

4/ Hoja ya kwanza: "Kibarua hana haki." Si kweli. Anayefanya kazi kwa mshahara au ujira chini ya mkataba yumo, na mkataba wa mdomo ni mkataba. Mwanagenzi pia yumo. Mwanafunzi aliyeungua na asidi akiwa kwa somo hayumo, maana hajaajiriwa. Yake ni kesi ya kawaida ya uzembe.

5/ Na askari wa lango na wasafishaji walioletwa na kampuni? Mwajiri wako ni yule aliyekuandika na anayekulipa. Anza na kampuni, usikubali kuzungushwa ofisi hii na ile.

6/ Hoja ya pili: "Lazima uthibitishe boss alikosea." Hapana. Kuumia ukiwa kazini kunatosha. Hata ajali ya gari lililotolewa na mwajiri kuwapeleka kazini inahesabiwa. Kinachoweza kukunyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata hapo sheria inalegeza kama kuna ulemavu mkubwa au kifo.

7/ Pesa sasa. Gharama ya matibabu ni ya mwajiri, sio SHA yako wala harambee ya familia. Ukikaa nje ya kazi siku 3 au zaidi, unalipwa mapato yako, kwa muda usiozidi miezi 12. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, daktari anatoa asilimia, na hesabu inaanzia mapato ya miezi 96.

8/ Tuseme kibarua wa shamba la chuo analipwa 25,000 kwa mwezi. Mashine ya kukata majani ya ng'ombe imemkata vidole. 25,000 × 96 = 2,400,000. Akipewa asilimia 20, ni 480,000.

9/ Shika tarehe. Mwambie mwajiri mara moja, kwa mdomo au maandishi (maandishi ni bora). Yeye ana siku 7 kuripoti kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, ile tunaita DOSH. Kukitokea kifo, saa 24. Madai yaingie ndani ya miezi 12. Ukinyamaza mwaka mzima, haki yako imekufa.

10/ Hapa ndipo wengi wetu hupoteza. Msimamizi anakwambia "enda nyumbani upone kwanza, tutaongea", anakuwekea elfu mbili kwa simu. Hakuna fomu, hakuna jina kwenye kitabu cha ajali. Mwaka ukipita, anakuuliza uliumia lini. Dai fomu ijazwe, daktari ajaze sehemu yake, na upige picha kila karatasi.

11/ Hoja ya tatu: "Tafuta wakili, enda kortini moja kwa moja." Mvutano huo ulidumu miaka kumi hadi Mahakama ya Juu ilipoumaliza Desemba 2019. Madai yanaanza kwa Mkurugenzi wa DOSH. Hujaridhika? Pinga ndani ya siku 60. Jibu lake bado halikuridhishi? Mahakama ya Ajira, ndani ya siku 30.

12/ Shida kubwa iko hapa, na majukwaani haitajwi. Mkurugenzi akiamua ulipwe, mwajiri au bima ana siku 90. Asipolipa? Sheria haikuweka njia wazi ya kumkaza, na majaji wa Mahakama ya Ajira wametoa maamuzi yanayopingana. Chuo chenye madeni ya mabilioni kinaweza kukuweka foleni.

13/ Waajiri nao wasikizwe. Madai ya uongo yapo, na yanapandisha malipo ya bima. Lakini ripoti ya siku 7 inawalinda wao pia. Jeraha lililoandikwa wiki ileile ni gumu kutungwa.

14/ Kwa hivyo anayekuomba kura muulize matatu. Ofisi ya DOSH inayotuhudumia ina maafisa wangapi? Chuo cha umma kina bima inayolipiwa? Fidia isiyolipwa kwa siku 90 itakazwa vipi? Akikwambia tu "tutaongeza fidia", muulize tena. 480,000 iliyo kwenye karatasi hainunui unga.

Mwisho wa uzi. Mtumie mtu anayefanya kazi chuoni.