KIKUZA SAUTI KIDOGO: JINSI YA KUKITENGENEZA NYUMBANI

Watu wengi siku hizi wana simu za mkononi, na simu hizo huleta masomo, hotuba, habari na nyimbo hata mahali palipo mbali na mji. Lakini sauti yake ni ndogo. Mtu mmoja aliyeiweka karibu na sikio husikia vyema. Watoto 40 walioketi darasani hawasikii, ila wale wa madawati ya mbele, na mvua ikianza kupiga juu ya bati hata hao hawasikii tena. Wengi hudhani kwamba dawa ya jambo hili ni kununua chombo kikubwa cha dukani, na kwa kuwa fedha hazipo, huacha tu. Lakini kikuza sauti kitoshacho chumba kimoja chaweza kutengenezwa juu ya meza kwa jioni mbili, na mtu yeyote mwenye subira na mikono mitulivu, wala hakihitaji umeme wa ukutani.

Yafaa kwanza kufahamu kazi ya chombo chenyewe. Sauti itokayo katika simu kwa njia ya waya ni umeme mdogo sana, upandao na kushuka kwa kufuata sauti. Kikuza sauti hakiumbi nguvu mpya. Huchukua nguvu za betri na kuzipitisha kwa kufuata mwendo ule ule wa umeme mdogo. Aliyepata kuona mifereji ya mashamba ya mpunga ya Mwea ataelewa upesi: mtoto aweza kuinua na kushusha kilango kidogo kwa mkono wake, na maji mengi yakapita au yakazuiwa. Nguvu ni za maji, amri ni ya mtoto.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na valvu, yaani chupa za kioo zenye waya wa moto ndani, nazo zilikula betri bila huruma. Mwaka 1949 ilitolewa redio ya bei nafuu kwa watu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Iliitwa Saucepan Special kwa sababu ya umbo lake la sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri peke yake ilikuwa shilingi 25 zaidi. Mambo yalianza kubadilika kwa transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, na baadaye mafundi wakaweza kuziweka transista nyingi ndani ya kipande kimoja kidogo kiitwacho chipu.

Chipu tutakayoitumia huitwa LM386. Ilibuniwa na kampuni ya National Semiconductor ya Marekani, ambayo tangu mwaka 2011 imekuwa sehemu ya Texas Instruments. Ina umbo la mdudu mweusi mwenye miguu minane, nayo hupatikana katika maduka ya vifaa vya redio, kama yale ya Luthuli Avenue mjini Nairobi. Hufanya kazi kwa umeme wa volti 4 mpaka 12, na isipopewa sauti hutumia kama miliampea 4 tu. Kwa betri ya volti 9 na spika ya omu 8 hutoa nguvu za kama nusu wati.

Msomaji aweza kucheka: nusu wati ni nini, na maboksi ya dukani yameandikwa wati mia? Asicheke. Sikio la mwanadamu halihesabu kama mwenye duka. Ili sauti isikike kuwa imeongezeka mara mbili, yapasa nguvu ziongezwe karibu mara kumi. Kwa hiyo nusu wati katika spika nzuri yatosha darasa, ingawa haitoshi uwanja wa mpira. Tena maandishi mengi ya wati yabandikwayo juu ya maboksi hayo ni ya kumpendeza mnunuzi tu.

Sasa tuje kwenye kazi. Ishike chipu ili kile kikato kilichochongwa upande mmoja kielekee juu. Mguu wa kwanza ni wa juu kushoto; hesabu kushuka mpaka wa 4, kisha vuka kulia na kupanda kutoka wa 5 mpaka wa 8. Mguu wa 6 hupokea upande chanya wa betri, na wa 4 upande hasi. Mguu wa 2 nao huungwa na upande hasi. Karibu kabisa na mguu wa 6 weka kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya chanya na hasi, na kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka mguu wa 7 kwenda hasi. Hizi hutuliza umeme wa betri. Sauti huingia kwa mguu wa 3, ikipitia kizungusho cha kupunguza sauti cha omu 10,000: mguu wake mmoja wa pembeni hupokea sauti, wa pili huenda hasi, na ule wa katikati huenda kwenye mguu wa 3 wa chipu.

Waya wa simu una njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia. Usizifunge pamoja moja kwa moja. Pitisha kila moja katika rezista ya omu 1,000, kisha uziunganishe kabla hazijafika kwenye kizungusho. Waya wa tatu ni wa upande hasi.

Mguu wa 5 ndio mlango wa kutokea. Hapo wengi huunguza spika zao, kwa kuwa hawajui kwamba mguu huo hubeba nusu ya nguvu za betri wakati wote, hata pasipo sauti. Betri ikiwa ya volti 9, utapima hapo kama volti 4 na nusu. Hivyo ni lazima kuweka kapasita ya mikrofaradi 220 kati ya mguu wa 5 na spika, upande wake chanya ukielekea chipu. Nayo huizuia nguvu ile iliyosimama na kuipitisha sauti peke yake. Upande wa pili wa spika huenda hasi. Tena, kutoka mguu huo wa 5, weka rezista ya omu 10 ikifuatiwa na kapasita ya mikrofaradi 0.047 mpaka hasi. Wengine huviacha vifaa hivi viwili ili kuokoa senti chache, kisha hushangaa chipu inapopiga mluzi au kupata moto bila sababu.

Miguu ya 1 na 8 iache wazi. Ikiwa wazi, chipu hukuza mara 20. Ukiweka kati yake kapasita ya mikrofaradi 10, chanya kwenye mguu wa 1, hukuza mara 200, na hapo ndipo tamaa huwaponza watu. Simu yaweza kutoa nusu volti. Nusu volti mara 20 ni volti 10, na betri yenyewe ni ya volti 9! Sauti isiyo na nafasi ya kupanda hukatwa vichwa, nayo husikika kama mtu aliyekabwa koo. Kwa simu, hata mara 20 ni nyingi, na ndiyo maana tukaweka kizungusho. Mara 200 zafaa kwa kipaza sauti cha kusemea tu, ambacho umeme wake ni mdogo sana. Kile kidogo kama kifungo cha shati hulishwa kwa rezista ya omu 10,000 kutoka chanya ya betri, na sauti yake huchukuliwa kwa kapasita ya mikrofaradi 0.1 mpaka kwenye kizungusho.

Spika yataka maneno zaidi. Spika iliyo wazi mezani husukuma hewa mbele na kuivuta nyuma kwa wakati mmoja, na hewa hizo mbili huzunguka ukingoni na kuuana. Mpiga ngoma ajua kwamba ngozi peke yake, bila mzinga, haina mlio. Basi itie spika katika sanduku la mbao lililofungwa vizuri, au katika kibuyu kikubwa kilichokauka. Kama una haki ya kuchagua, chukua spika pana ya sentimeta 15 au 20 iliyotolewa katika redio iliyokufa, uiache ile ndogo mpya. Kwa maoni yetu fedha za kwanza zitumike hapa. Chipu haitaona haya.

Kwa betri, tumia mawe sita ya tochi ya volti 1.5, yakifuatana ili yawe volti 9. Ile betri ndogo ya mraba ya volti 9 huchoka upesi, na sauti ikipanda kwa nguvu hushindwa na kuanza kukoroma. Mawe manne, yaani volti 6, pia yafaa, ingawa sauti itapungua kidogo.

Usijaribu kamwe kukiunga chombo hiki na umeme wa nyumbani. Hapa Kenya umeme huo ni wa volti 240, nao huua. Kadhalika ukipata kikuza sauti cha zamani cha valvu, usikifungue: kapasita zake huweza kushika mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Wakati wa kulehemu fungua madirisha, waweke watoto mbali, na unawe mikono kabla ya kula, kwa kuwa waya mwingi wa kulehemu una risasi, ambayo ni sumu.

Kabla ya kuweka betri, fuata kila waya kwa kidole. Betri ikigeuzwa, chipu hufa papo hapo, na kapasita iliyogeuzwa huweza kupasuka. Kisha washa na uguse mguu wa 3 kwa ncha ya kidole huku sauti imefunguliwa. Ukisikia mngurumo, chipu ni nzima. Ikiwa kimya, pima mguu wa 5. Pasipokuwa na nusu ya nguvu za betri, kosa liko hapo au katika mguu wa 6. Chipu ikipata moto, toa betri kwanza, uliza baadaye. Na kipaza sauti kikianza kulia kwa mlio mkali, sauti ya spika inakirudia: msemaji na asimame nyuma ya spika, au apunguze kizungusho kidogo.