Kaka, huenda hukukosea popote: uzazi wa mwanamume huanza tumboni mwa mama



Wengi wetu tunaoishi hapa Johannesburg, kuanzia Yeoville mpaka Mayfair, tumekuja na desturi moja kutoka nyumbani. Ndoa ikipita miaka miwili bila mtoto, macho yote humgeukia mke. Simu zinapigwa, mawifi wananong'ona, shangazi anatuma dawa za mizizi. Mke anazunguka kliniki peke yake. Siku mume anapokubali naye kupima, majibu yanaonyesha mbegu zake ni chache. Hapo ndipo ninapoulizwa swali hili: "Sista, nimekosea wapi? Sivuti sigara, sinywi pombe, sijawahi kuugua zinaa."

Jibu langu ni kwamba huenda hakukosea popote. Sehemu ya uwezo wa mwanamume kuzalisha huwekwa kabla hajazaliwa. Leo nataka tulielewe jambo hili vizuri, kwa sababu kulielewa kunaweza kuokoa ndoa, na pia kunaweza kumsaidia mtoto wako wa kiume aliye mgongoni sasa hivi.

NINI HUTOKEA TUMBONI?

Mimba changa ya mtoto wa kiume huanza ikiwa na maumbile yanayofanana na ya mtoto wa kike. Kuanzia kama wiki ya 8, korodani changa huanza kutengeneza homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Homoni hiyo ndiyo inayoamuru uume uumbike na njia ya mkojo ifike kwenye ncha. Baadaye, katika miezi ya mwisho ya ujauzito, korodani hushuka kutoka tumboni hadi kwenye mfuko wake.

Wataalamu wanaamini kwamba kipindi nyeti zaidi ni kati ya wiki ya 8 na ya 14. Wakati huo wanawake wengi ndiyo kwanza wanagundua kuwa wana mimba. Pia ndani ya korodani kuna seli zinazolea mbegu, ziitwazo seli za Sertoli. Nyingi hutengenezwa tumboni na utotoni, na idadi yake ndiyo huweka kikomo cha mbegu ambazo mwanamume atazalisha akiwa mtu mzima.

Sasa, ikitokea kemikali inayoigiza homoni ya kike, au inayoziba mlango wa homoni ya kiume, amri ile haifiki sawasawa. Mwaka 2001 daktari wa Denmark, Niels Skakkebaek, alipendekeza kwamba korodani zisizoshuka, tundu la mkojo kukaa pasipo pake, mbegu chache na saratani ya korodani vinaweza kuwa na mzizi mmoja tumboni.

KISA CHA LIMPOPO

Huna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Hapa hapa Afrika Kusini, kaskazini katika mkoa wa Limpopo, kuna wilaya ya Vhembe yenye malaria. Kwa miaka mingi kuta za nyumba huko zilipuliziwa DDT kuua mbu. Mwaka 1996 nchi iliiacha na kutumia dawa nyingine, lakini mbu wakawa sugu na malaria ikapanda vibaya, ikabidi DDT irudishwe mwaka 2000.

DDT ikiingia mwilini hugeuka kuwa kemikali iitwayo DDE, ambayo hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwenye maabara kwamba DDE huzuia homoni ya kiume kufanya kazi yake.

Profesa Riana Bornman wa Chuo Kikuu cha Pretoria na wenzake waliwachunguza watoto wa kiume 3,310 waliozaliwa Vhembe kati ya 2004 na 2006. Watoto 357, yaani karibu 11 katika kila 100, walikuwa na kasoro kwenye sehemu za uzazi au njia ya mkojo. Akina mama walioishi vijiji vilivyopuliziwa DDT walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 33, wa kuzaa mtoto mwenye kasoro kuliko wale ambao nyumba zao hazikupuliziwa. Mama wa nyumbani, anayeshinda ndani siku nzima, naye alikuwa na hatari zaidi.

Tuwe waangalifu hapa. Utafiti huo unaonyesha mambo mawili yanakwenda pamoja. Hausemi kwamba kila kasoro imeletwa na DDT. Wala hausemi tuache kupulizia, kwa maana malaria yenyewe huua mama na kuharibu mimba. Unachotufundisha ni kujikinga vizuri.

DAWA ILIYOTOLEWA HOSPITALI

Mfano wa pili ni wa dawa ya DES, homoni ya kike ya kutengenezwa. Tangu miaka ya 1940 wajawazito wengi Marekani na Ulaya walipewa wakiamini itazuia mimba kuharibika. Mwaka 1971 Marekani ilionya isitumiwe kwa wajawazito, baada ya mabinti waliozaliwa kupatikana na saratani adimu ya uke. Kwa wana wa kiume, korodani zisizoshuka na uvimbe wa maji karibu na korodani vilionekana zaidi. Lakini walipofuatiliwa ukubwani, wengi walipata watoto kama kawaida. Kwa hiyo, msomaji, kuguswa tumboni si hukumu ya utasa.

KAMA UNA MIMBA

- Usinywe homoni, sindano wala mizizi ya "kushikilia mimba" ambayo hukuandikiwa na daktari. Kama ulimeza vidonge vya uzazi wa mpango kabla ya kujua una mimba, usihangaike: tafiti kubwa hazijaonyesha kwamba vinaleta ulemavu. Acha, kisha mweleze mkunga.
- Usivute sigara, na mume asivute ndani. Tafiti kadhaa zimeona watoto wa kiume wa akina mama waliovuta wakiwa na mbegu chache ukubwani.
- Parasetamoli ndiyo dawa ya maumivu inayopendekezwa kwa mjamzito, lakini imeze unapohitaji kweli, kwa kipimo kidogo kinachotosha na siku chache. Homa kali usiivumilie, nenda kliniki.
- Johannesburg haina malaria, lakini ukisafiri kwenda nyumbani utaikuta. Wapuliziaji wakija, toa vyakula na vyombo nje, kaa nje angalau saa mbili au kama watakavyoelekeza, kisha mtu mwingine afagie. Lala ndani ya chandarua.
- Usipulizie mwenyewe dawa za wadudu zisizo na lebo zinazouzwa barabarani.

MWANAO AKIZALIWA

Hapa ndipo wazazi wengi tunapochelewa. Mama, unapomwogesha mtoto maji ya uvuguvugu, papasa taratibu mfuko wake. Korodani zote mbili zipo? Zikikosekana, mwambie sista wa kliniki aandike kwenye daftari la mtoto. Mara nyingi hushuka zenyewe miezi ya mwanzo. Zisiposhuka hadi miezi 6, mtoto apelekwe kwa daktari wa upasuaji, na upasuaji ufanyike kabla hajatimiza miezi 18. Usingoje "atakua tu". Joto la tumboni huharibu seli za mbegu, na hatari ya saratani huongezeka.

Angalia pia tundu la mkojo. Likiwa chini ya uume badala ya kwenye ncha, USIMTAHIRI mtoto, hata kama ngariba au babu anasisitiza. Ngozi ile ile ndiyo daktari ataitumia kutengeneza njia ya mkojo. Tohara itafanyika wakati wa upasuaji.

Usiogope kwa sababu ya makaratasi. Mwezi Aprili 2023 Mahakama Kuu hapa Johannesburg ilisisitiza kuwa wajawazito na watoto chini ya miaka 6 wana haki ya kutibiwa bure katika hospitali za serikali, hata kama ni wageni wasio na vibali.

KWAKO KAKA

Kama mmekaa mwaka mzima bila kinga na hakuna mimba, mpimwe WOTE WAWILI. Kipimo cha mbegu hakiumi. Jizuie siku 2 hadi 7 kabla ya kupima, na majibu yakiwa mabaya rudia. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani (2021) ni mbegu milioni 16 kwa mililita moja, lakini wapo waliozaa wakiwa chini yake. Muulize mama yako kama ulizaliwa na korodani ambazo hazikushuka, kisha mweleze daktari. Muulize kwa upole, usimlaumu. Yeye hakuchagua dawa iliyopuliziwa ukutani kwake.

Na tafadhali usichome sindano za testosteroni zinazouzwa kwenye majimu ukidhani zitaongeza mbegu. Hufanya kinyume: mwili ukiona homoni inatoka nje, korodani huacha kutengeneza mbegu.

Leo jioni kaa na mkeo mzungumze. Mwambie kesho mnakwenda pamoja.

Maelezo haya ni ya kuelimisha tu, hayachukui nafasi ya daktari wako. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akitujalia.