Dunia ya Saa Mbili Usiku

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuchagua habari za nje za taarifa ya saa mbili usiku. Dakika zenyewe chache, na swali la kila zamu ni moja: leo kumetokea nini?

Amani haina jibu kwa swali hilo. Liberia haikukosekana mezani petu hadi vita vilipomalizika 2003. Sierra Leone na Angola zilikuwa zimetangulia kutulia 2002. Watoto wa Monrovia wakarudi shuleni, nasi tukakosa cha kusoma.

Wataalamu walilibaini hilo mapema. Mwaka 1965 Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge walichapisha uchunguzi wa jinsi magazeti ya Norway yalivyoandika machafuko ya Kongo, Kuba na Saiprasi. Walieleza kuwa linalotokea na kwisha ndani ya siku moja hupenya gazetini kirahisi. Linalokwenda polepole hubaki nje.

Basi, dunia ni tulivu kuliko tunavyosikia? Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, huhesabu vita na vifo vyake. Ukilinganisha na idadi ya watu duniani, vita vya siku hizi huua wachache kuliko vile vya enzi za Vita vya Korea, 1950 hadi 1953. Hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini daftari la chuo hichohicho linaonyesha kuwa 2024 migogoro ya silaha inayohusisha serikali ilifika 61, mingi kuliko mwaka wowote tangu 1946. Anayedai kuwa vita ni kelele za televisheni tu hajalisoma.

Mwaka unaonisumbua ni 2022. Kila usiku tulisoma Ukraine, na ilistahili. Kumbe kwa hesabu za Uppsala, mapigano ya Ethiopia, hasa Tigray, yaliua watu wengi zaidi mwaka huo: zaidi ya 100,000. Simu na intaneti zilikuwa zimekatwa huko, waandishi wamezuiwa. Bila picha wala sauti, habari yenyewe ilipata sentensi mbili, siku nyingine hata moja haikupata.

Ndiyo maana taarifa ya habari haifai kuwa mizani ya amani. Inarudia vita vichache vyenye picha na kuviacha vingine gizani. Nchi ikipotea hewani, huenda imepatana, huenda imekatiwa simu. Msomaji wa taarifa hatakwambia ni lipi. Itabidi uulize mwenyewe.