Gitaa la Dansi na Mtambo wa Miguuni

Mwanamuziki anayetafuta mtambo wa kidijiti wa gitaa katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, huoneshwa vifaa vya aina mbili ambavyo kwa umbo vinafanana, yaani sanduku la kuwekwa sakafuni lenye vitufe vya kukanyaga, ingawa vilibuniwa kwa kazi tofauti. Kimoja ni prosesa ya efekti, ambayo hupamba sauti ya gitaa kwa mwangwi, kwa mkwaruzo au kwa korasi, yaani hali ya gitaa moja kusikika kana kwamba yako mawili yanayopishana kidogo. Kingine ni kiigizaji cha amplifaya, ambacho hukokotoa namna amplifaya halisi, pamoja na spika yake, ingeigeuza sauti hiyo.

Haja ya kuiga ilitokana na ukweli kwamba amplifaya ya gitaa haikuzi sauti tu, bali huiumba: vali zake, ambazo ni taa za kioo za kielektroniki, zikisukumwa kupita kiasi huibana na kuikwaruza sauti kwa namna inayopendwa na wapigaji wa roki, na spika yake hupunguza sana mlio mkali ulio juu ya takriban hezi 5,000. Kampuni ya Line 6 ya Marekani ilieneza uigaji huo kwa kifaa chake cha POD cha mwaka 1998, na baadaye Kemper ya Ujerumani ikaja na mbinu ya kuipima amplifaya fulani kwa milio ya majaribio na kuhifadhi tabia zake. Siku hizi mpaka umefifia, kwa kuwa hata prosesa ndogo kama Boss GT-1, iliyotoka mwaka 2016, ina amplifaya za kuigwa ndani yake. Tofauti iliyobaki zaidi ni ya bei na ya uhalisia.

Je, uhalisia huo una faida gani kwa muziki wa dansi? Katika mtindo uliokuzwa na bendi za NUTA Jazz, kuanzia mwaka 1964, na Mlimani Park, kuanzia mwaka 1978, magitaa ya solo, second solo, rithimu na besi hufumana, kila gitaa likijibu lingine, na kwa hiyo kila noti haina budi kusikika waziwazi. Mkwaruzo wa vali, ambao ndio fahari ya viigizaji vya bei kubwa, huzalisha milio ya ziada inayoziba nafasi za magitaa mengine. Kinachohitajika ni sauti safi, korasi kiasi, na mwangwi uliopimwa: wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde kati ya pigo na pigo, hivyo mwangwi wa milisekunde 250 huangukia katikati kabisa, ilhali ule wa 310 hujikwaa katika noti za second solo na kuonekana kama kosa la mpigaji. Kazi hiyo prosesa ya kawaida inaiweza vizuri.

Penye ubishi wa kweli ni spika. Bendi nyingi huchomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa, na spika za ukumbi, ambazo hazichuji mlio huo mkali, hutoa mlio mwembamba unaochoma masikio. Hapo uigaji wa spika ndio unaoleta nafuu, na mnunuzi afadhali aulizie huo kabla ya idadi ya efekti. Lakini waya ukienda kwenye amplifaya halisi, uigaji huo uzimwe, la sivyo sauti hupita katika spika mbili na kufubaa.

Umeme nao una neno lake. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Japani, ambako umeme ni volti 100, huweza kuungua kikichomekwa bila transfoma kwenye volti 230 za Tanzania, ilhali prosesa ndogo za volti 9 huhitaji adapta inayofaa tu, na GT-1 hutumia hata betri nne za AA, jambo lisilo dogo umeme unapokatika katikati ya wimbo.

Kwa mpigaji wa rithimu au second solo, basi, prosesa yenye uigaji wa spika inatosha, na fedha inayobaki ni heri ikanunue nyuzi. Mpigaji solo anayerekodi studio bila amplifaya ndiye mwenye sababu ya kulipia kiigizaji. Mpigaji besi aangalie zaidi, kwa kuwa spika nyingi zinazoigwa ni za gitaa la kawaida, nazo huipunguzia besi uzito wake.