Kinga ya Gari la Polisi Hulipwa na Nani?

Tuseme kijiji chenu kina visima vitano vilivyo wazi. Mkutano wa kijiji unakubali kutoa fedha za kuvifunika. Visima vinne vinafunikwa vizuri. Kisima cha tano kiko mbali kidogo, nacho kinasahauliwa. Je, watoto wa kijiji wako salama?

Jambo linalofanana na hilo lilitokea New York, jiji kubwa la Marekani. Huko hawakuwa wakishughulikia visima, bali magari ya polisi. Soma habari hii ujue fedha za umma hutumikaje kulinda maisha, na kitu kinaweza kusahauliwa vipi.

HATARI ILIYOKUWAPO

Polisi wa doria hukaa saa nyingi ndani ya gari. Watu wengi hudhani kuwa gari linamkinga mtu na risasi. Sivyo. Mlango wa gari la kawaida ni bati jembamba tu, na risasi hulipenya. Kioo cha dirisha nacho hakizuii risasi. Huko Marekani raia wengi wana bastola na bunduki, kwa hiyo hatari hii ni kubwa.

Tarehe 20 Desemba 2014, polisi wawili walikuwa wamekaa ndani ya gari lao katika sehemu ya jiji iitwayo Brooklyn. Majina yao yalikuwa Wenjian Liu na Rafael Ramos. Mtu mmoja alilikaribia gari, akawapiga risasi kupitia dirishani. Wote wawili walikufa. Hawakupata hata nafasi ya kujitetea.

KINGA YENYEWE NI NINI?

Kinga ya gari ni ya namna mbili. Ya kwanza ni mabamba magumu yanayowekwa kwenye milango. Ya pili ni vioo vya kinga vinavyowekwa kwenye madirisha.

Kioo cha kinga si kioo kitupu. Mara nyingi hutengenezwa kwa tabaka za kioo na tabaka za plastiki ngumu unayoweza kuona kupitia kwake. Risasi ikipiga, kioo cha nje huvunjika na kupunguza nguvu zake. Kisha plastiki hubonyea na kuizuia isipite.

Lakini hakuna kinga inayozuia kila kitu. Kinga inayozuia risasi ya bastola inaweza kupenywa na risasi ya bunduki ya vita. Ukiongeza unene wa kinga, uzito nao huongezeka. Gari likiwa zito mno, haliendi vizuri. Kwa hiyo mafundi hutafuta kiasi kinachofaa.

FEDHA HUTOKA WAPI?

Polisi hawezi kununua kinga ya gari kwa mshahara wake. Gari ni mali ya umma, na kinga yake hulipwa kwa fedha za umma. Huko New York wananchi hulipa kodi za namna nyingi. Kodi iletayo fedha nyingi zaidi kwa jiji ni ile ya nyumba na ardhi.

Kila mwaka meya huandaa bajeti. Bajeti ni mpango wa mapato na matumizi. Baraza la Jiji, lenye wajumbe 51, huijadili na kuipitisha. Mwaka wao wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kama ilivyo hapa Tanzania.

Mapema mwaka 2017, Meya Bill de Blasio alitangaza dola milioni 10.4 za kuweka vioo vya kinga katika magari ya doria zaidi ya 3,800. Tupige hesabu. Ukigawanya fedha hizo kwa magari hayo, kila gari hupata kama dola 2,700. Sasa zigawanye kwa watu wa jiji, ambao ni zaidi ya milioni 8. Kila mtu amechangia kama dola moja na robo tu. Haba na haba hujaza kibaba.

GARI LILILOBAKI

Tarehe 5 Julai 2017, usiku wa manane umepita, polisi Miosotis Familia alikuwa kazini katika sehemu ya jiji iitwayo Bronx. Alikuwa mama wa watoto watatu. Alikuwa amekaa ndani ya gari kubwa linalotumika kama kituo cha polisi cha kuhamahama. Gari hilo halikuwa la doria, na halikuwa na kioo cha kinga. Mtu mmoja alimpiga risasi kupitia dirishani. Mama huyo akafa.

Fedha za kinga zilikuwa zimetolewa. Lakini mpango ulihesabu magari ya doria, na gari alimokaa mama huyu halikuwamo katika hesabu. Baada ya kifo chake, jiji lilitangaza kwamba magari ya aina hiyo nayo yatawekewa kinga.

TUNAJIFUNZA NINI?

Mwananchi akisikia kwamba fedha zimetengwa, asiishie kupiga makofi. Aulize: Fedha ni kiasi gani? Zitanunua nini? Orodha imemhesabu nani, na imemwacha nani? Maswali hayo hayahitaji elimu kubwa. Anayejua kusoma na kuhesabu anaweza kuyauliza, na wewe sasa unajua.

Siku mkutano wa kijiji chenu utakapozungumzia visima, omba orodha isomwe. Kisha hesabu visima vyote, pamoja na kile kilicho mbali.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mlango wa gari la kawaida haumkingi mtu na risasi?
2. Nani aliyelipia vioo vya kinga huko New York?
3. Gari la mama Familia lilikosa kinga kwa sababu gani?
4. Taja jambo moja kijijini kwenu linalolipiwa kwa fedha za umma. Je, kuna aliyesahauliwa?